Divai, Joto na Udongo wa Kusini mwa Ufaransa

Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa Wanachama



Halmashauri ilipotutaka tuseme habari za ukulima wa nchi ya mbali, tuliona vema kuchagua nchi ya divai iliyo kusini mwa Ufaransa, iitwayo Languedoc na Roussillon. Twajua kwamba wengi kati yenu hamnywi divai, na wengine mmekatazwa na dini yenu. Hatukuja kumshawishi mtu. Habari tunayoileta ni ya ardhi na jua, na ya watu walioharibikiwa kwa wingi wa mavuno yao wenyewe, wakapata nafuu kwa daftari. Jambo hilo la daftari latuhusu sana sisi tulio makarani, nasi tutalifikia kwa zamu yake.

Nchi yenyewe imepinda kama upinde kando ya Bahari ya Mediterania, tangu mto Rhône upande wa mashariki hata milima ya Pyrenees mpakani mwa Hispania. Miji yake mikubwa ni Nîmes, Montpellier, Béziers, Narbonne na Perpignan. Nyuma ya pwani kuna tambarare. Nyuma ya tambarare kuna vilima vya mawe. Na nyuma ya vilima, milima mirefu. Warumi waliweka koloni lao Narbonne mwaka 118 kabla ya Kristo, na tangu zama hizo mzabibu haujatoka katika nchi ile.

Tuanze na hali ya hewa, kwa kuwa ndiyo bwana wa mkulima. Katika nchi ile mvua hunyesha zaidi wakati wa vuli na wakati wa baridi. Wakati wa joto jua hutawala peke yake, na miezi ya Juni, Julai na Agosti huweza kupita kwa matone machache tu. Mji wa Perpignan kwa kawaida hupata mvua ya milimita 550 hivi kwa mwaka. Kiasi hicho hakiko mbali na kile cha Dodoma, ambako nako mizabibu hulimwa. Lakini Dodoma mvua huja pamoja na joto, na mkulima aweza kuchuma mara mbili kwa mwaka, hali kule mvua na joto hazikutani, na mchumo ni mmoja tu. Tena mvua ya vuli huja mara nyingi kwa ghadhabu: siku moja huweza kumwaga maji ya miezi miwili, na maji hayo huondoka na udongo wa kilimani asipokuwapo mtu wa kuyazuia.

Pepo nazo ni mbili, kama vile pwani yetu ilivyo na kusi na kaskazi. Upepo uitwao tramontane hutoka kaskazini-magharibi. Ni mkavu na mkali, na miti iliyo wazi hukua imepinda kwa kuinamishwa nao. Wa pili huitwa marin, nao hutoka baharini ukileta unyevu. Mgeni huulaani tramontane. Mkulima huushukuru, maana hukausha majani baada ya mvua, na kuvu wanaoharibu zabibu hawapati pa kukaa. Kwa sababu hiyo mkulima wa huko huhitaji kunyunyiza dawa mara chache kuliko mwenzake wa Bordeaux, ambako unyevu ni mwingi.

Jua jingi huleta sukari nyingi ndani ya tunda, na sukari ndiyo inayogeuka kuwa kileo maji ya zabibu yanapochachuka. Mkulima wa nchi ya baridi husumbuka kuziivisha zabibu zake. Mkulima wa nchi ya joto husumbuka kwa kinyume chake: zabibu huiva upesi mno, uchachu wake hupungua, na divai huwa nzito, yenye kileo kikali, isiyoburudisha kinywa. Basi kazi ya mkulima mwenye akili ni kutafuta namna ya kulichelewesha jua. Huenda akapanda juu zaidi kilimani, ambako usiku una ubaridi. Huenda akachagua aina ya mzabibu ivumiliayo joto, kama Carignan ambayo haipotezi uchachu wake upesi, au Grenache ambayo haiogopi ukame wala upepo. Kando ya ziwa la maji ya chumvi liitwalo Thau hupandwa aina nyeupe iitwayo Piquepoul, ambayo hubaki na uchachu hata katika joto la pwani. Na divai yake hunywewa pamoja na chaza wanaofugwa katika ziwa hilo hilo.

Baada ya hali ya hewa, tuuangalie udongo. Hapa twaomba mtusikilize kwa makini, kwa kuwa habari yote inayofuata imesimama juu yake.

Tambarare za mito Aude, Orb na Hérault zina udongo mzito, wenye rutuba, ulioletwa na mafuriko ya miaka mingi. Humo mzabibu hula na kunywa upendavyo. Ndimo ilimopandwa zamani aina iitwayo Aramon, iliyoweza kutoa zaidi ya lita 20,000 kwa hekta moja, yaani kwa eneo la ekari mbili na nusu. Divai yake ilikuwa nyepesi, na rangi yake hafifu, hata ikabidi ichanganywe na nyingine iliyo nyeusi zaidi ili mnunuzi aikubali.

Vilima vya Corbières, Minervois na La Clape vina mawe ya chokaa na udongo wa mfinyanzi. Udongo huo hushika maji ya wakati wa baridi na kuyatoa polepole wakati wa kiangazi, na mzabibu hupata kinywaji chake kwa kipimo.

Kisha kuna mahali kama Faugères, Maury na Banyuls, ambako ardhi ni mawe ya shisti, yaliyopangika tabaka tabaka kama kurasa za kitabu. Udongo wenyewe ni haba, hata mtu akashangaa mmea unakula nini. Lakini mizizi hupenya katika nyufa za mawe, ikashuka chini sana kutafuta unyevu. Hekta nzima ya mizabibu mizee huenda isitoe hata lita 2,000, yaani sehemu ya kumi ya zile za tambarare. Na mzabibu mmoja hutoa chupa moja au pungufu. Walakini tunda lake ni dogo, ngozi yake nene, na ladha yake imekazana. Karani aliyepewa karatasi moja hupima maneno yake. Aliyepewa bunda zima huandika ovyo. Mzabibu nao ni vivyo hivyo.

Kule Banyuls vilima huteremka hata kufika baharini, na wakulima wamevijengea kuta za mawe pasipo saruji, ngazi juu ya ngazi. Kati ya ngazi hizo wamechimba mifereji inayokutana kama vidole vya mguu wa jogoo, ili maji ya dhoruba yashuke bila kuchukua udongo. Pengi trekta haiwezi kupita. Kazi ni ya jembe, na ya nyumbu, na ya mgongo wa mtu.

Katika mawe hayo ndimo itokamo divai tamu ambayo sifa yake ni ya kale. Arnaud de Villeneuve, mganga aliyefundisha Montpellier mwishoni mwa karne ya 13, ndiye atajwaye kuwa alifundisha namna ya kuitengeneza. Maji ya zabibu yakiwa bado yanachachuka, hutiwa pombe kali kidogo. Hamira hufa, na sukari iliyobaki hukaa kuwa utamu. Kule Maury sehemu ya divai hiyo hutiwa katika chupa kubwa za kioo, zikaachwa nje kwenye jua na baridi kwa mwaka mzima. Hivyo joto lile lile ambalo ni hatari kwa divai nyingine, hapa limefanywa mtumishi.

Ndugu Wanachama, mtu angedhani kwamba watu wenye maarifa hayo wangalikaa kwenye vilima vyao milele. Haikuwa hivyo, na sababu yake ni mdudu.

Katika miaka ya 1860 mizabibu ya bonde la Rhône ilianza kukauka, na hapana aliyejua kwa nini. Mwezi wa Julai 1868 watu watatu walitumwa kutoka Montpellier kuchunguza, mmoja wao akiwa Jules-Émile Planchon, mwalimu wa elimu ya mimea. Katika mizizi ya mizabibu iliyokufa hawakuona kitu. Ndipo walipong'oa mizabibu iliyokuwa ingali hai, wakaona juu ya mizizi wadudu wadogo wa manjano, wengi kupita hesabu. Kwa kuwa mdudu yule huuhama mti ukifa, akaenda kwa jirani. Jina lake ni filoksera, na asili yake ni Marekani. Dawa nayo ikapatikana huko huko alikotoka: mzabibu wa Ulaya ulibandikwa juu ya shina la mzabibu wa Marekani, ambao mizizi yake humvumilia. Kwenye mchanga mtupu tu, kama wa Aigues-Mortes, mdudu hakuweza kuishi, na mashamba ya huko yalisalimika.

Kupanda upya kulihitaji fedha. Wenye mitaji walikwenda tambarare, ambako gharama ingerudi upesi kwa wingi wa mavuno. Vilima vingi vikaachwa kuwa vichaka. Gari moshi lilikuwa limekwisha kufika, na miji ya kaskazini yenye viwanda ilinunua chochote kilichokuwa chekundu. Kisha ikaja divai kutoka Algeria, iliyokuwa chini ya Ufaransa. Na zaidi ya hayo wako wafanya biashara waliotengeneza divai kwa sukari na maji, zabibu zikiwa kidogo tu. Mwanzo wa karne ya 20 bei ilishuka hata isilipe gharama ya kulima. Mapipa yakajaa, nyumba za watu zikawa hazina chakula.

Tarehe 11 Machi 1907 watu 87 wa kijiji cha Argelliers walitembea kwa miguu hata Narbonne, kupeleka malalamiko yao mbele ya wajumbe wa Bunge. Kiongozi wao alikuwa Marcelin Albert, mkulima mdogo mwenye mkahawa. Tangu hapo kila Jumapili mkutano uliongezeka, hata tarehe 9 Juni mjini Montpellier walikusanyika watu wapatao nusu milioni au zaidi. Mameya kwa mamia walijiuzulu, na ofisi za miji zikafungwa. Serikali ilipeleka askari. Tarehe 19 na 20 Juni mjini Narbonne askari walipiga risasi, na watu sita wakafa. Jeshi la 17 la askari wa miguu, ambalo wengi wake walikuwa vijana wa nchi ile ile, liliasi, likaenda Béziers likakaa katikati ya mji. Baadaye lilipelekwa Gafsa, katika jangwa la Tunisia.

Marcelin Albert alikwenda Paris kwa siri, akapokewa na Waziri Mkuu, Georges Clemenceau. Wakati wa kuagana Waziri Mkuu alimpa noti ya faranga 100 kwa nauli ya gari moshi, naye akaipokea. Kisha habari hiyo ikatolewa kwa waandishi wa magazeti. Watu wake walisema amenunuliwa, na sifa yake ikaisha siku ile. Hatusemi kwamba alikuwa mtu mbaya. Nauli ni kitu kidogo. Lakini mjumbe wa chama na asafiri kwa fedha za chama. Bwana Mtunza Hazina aliyeketi hapa mbele ametuelewa.

Pamoja na hayo, damu ile haikumwagika bure. Tarehe 29 Juni 1907 sheria ilipitishwa juu ya udanganyifu wa divai, na sehemu yake yenye nguvu ilikuwa kazi ya karani. Kila mkulima aliagizwa kwenda kwenye ofisi ya meya, na kuandikisha ukubwa wa shamba lake la mizabibu na kiasi cha divai aliyoipata mwaka ule. Orodha yenye majina ilibandikwa mlangoni, kila jirani aisome. Basi mtu mwenye hekta moja hakuweza tena kuuza divai ya hekta kumi; wote walijua shamba lake lina uwezo gani. Mwezi wa Septemba mwaka ule ule wakulima waliunda shirikisho lao, wakaweka wapelelezi wao wenyewe wa kufuatia udanganyifu. Na wale wasio na ghala waliufuata mfano wa Maraussan, kijiji kilicho karibu na Béziers, ambacho wakulima wake walikuwa wameanza ushirika mwaka 1901 na kujenga ghala lao mwaka 1905, ili wasilazimike kuuza siku ya mchumo kwa bei atakayo mnunuzi. Baadaye vijiji vingi vya nchi ile vilikuwa na ghala la ushirika, na mengi yamesimama hata leo.

Yatupasa kusema kweli yote. Daftari liliuzuia udanganyifu. Halikuweza kuuzuia wingi. Tambarare ziliendelea kumwaga divai hafifu, na Wafaransa wenyewe wakaanza kunywa kidogo kuliko baba zao. Tarehe 4 Machi 1976, huko Montredon karibu na Narbonne, wakulima na askari walipigana tena kwa risasi. Mkulima mmoja na ofisa mmoja wa askari wakafa. Tangu miaka ile zaidi ya hekta 100,000 za mizabibu zimeng'olewa, wenyewe wakilipwa fidia, na Aramon karibu imetoweka.

Hapo watu wakavikumbuka vilima. Divai nyekundu ya Fitou ilikuwa imepewa hifadhi ya jina kwa sheria tangu mwaka 1948. Faugères na Saint-Chinian zilifuata mwaka 1982, Corbières na Minervois mwaka 1985. Hifadhi hiyo maana yake ni kwamba asiyelima mahali pale hawezi kulitumia jina lile, na alimaye hawezi kupita kiasi cha mavuno kilichowekwa. Vijana wakapanda tena kwenye shisti na chokaa ambazo babu zao waliziacha. Divai iliyodharauliwa ikaanza kutafutwa. Umaskini wa udongo, uliokuwa aibu, ukawa ndio mali.

Laiti tungeweza kumaliza hapa. Lakini jua lile lililokuwa rafiki limezidi. Tarehe 28 Juni 2019, katika kijiji cha Vérargues kilicho kati ya Montpellier na Nîmes, kipimo cha joto kilifika digrii 46, ambacho hakijapata kuonekana kabla yake katika Ufaransa. Siku ile majani na zabibu viliungua vikiwa mtini, kana kwamba vimepitishwa motoni. Mwaka 2023 mji wa Perpignan haukupata hata nusu ya mvua yake ya kawaida. Mchumo uliozoewa kuanza Septemba, siku hizi mahali pengi huanza Agosti. Na mzabibu wa kilimani, uliofundishwa kuishi kwa kidogo, hauwezi kuishi bila kitu. Tena ni rahisi kufikisha bomba la maji tambarare kuliko kupandisha maji juu ya mawe.

Kwa hiyo mashamba ya vilimani yanaachwa tena, na safari hii hakuna mdudu wa kulaumiwa. Tangu mwaka 2024 serikali ya Ufaransa ilianza kuwalipa wakulima yuro 4,000 kwa kila hekta watakayoing'oa, nao wa kusini walijitokeza kwa wingi. Tarehe 5 Agosti 2025 moto ulianza katika Corbières, ukateketeza hekta zipatazo 16,000, na mtu akapoteza maisha. Wenyeji walisema jambo ambalo twaomba mlitie moyoni. Mahali ambapo mizabibu bado inalimwa, moto ulipungua nguvu, kwa kuwa udongo ulikuwa umepaliliwa na hapakuwa na majani makavu ya kuwaka. Mahali ambapo mizabibu iling'olewa na shamba kuachwa, moto ulipita kama mwenye nyumba. Hivyo mkulima yule wa lita 2,000, ambaye mwenye kupiga hesabu za soko angesema hana faida, alikuwa akilinda kijiji kizima, wala kazi hiyo haikuandikwa katika daftari lolote.

Tufunge maneno yetu. Katika nchi ya joto, jua hutoa sukari bure. Udongo maskini hutoa ladha. Na daftari la haki hutoa bei. Vitu hivyo vitatu watu wa Languedoc na Roussillon walivijifunza kwa gharama kubwa, na kwa muda mrefu walidhani vinatosha. Sasa wanajifunza kwamba mtu anayelima mahali pagumu ana thamani isiyoonekana katika hesabu ya mapipa, na huonekana siku anapoondoka. Sisi tunaoandika hesabu za watu wengine kila siku, tukiweka safu ya mapato na safu ya matumizi, na tukumbuke kuuliza ni kitu gani hakikupata safu.